Risiti ya Chai

Makadara, korti namba tatu, benchi la nyuma.
Napima kwa saa ya marehemu baba.

Erupe, bawabu, betri moja ya gari:
dakika nne. Dhamana elfu hamsini.
Aliuliza, "Hiyo ni mishahara mingapi?"
Karani hakuliandika swali.
Nililiandika mimi, nyuma ya risiti ya chai.

Yule wa Karen, aliyegonga mtu akaenda zake,
alipewa kiti, maji, na "pole kwa usumbufu."
Dakika arobaini na moja.
Wakili wake alikohoa;
korti nzima ikangoja amalize.

Jioni najumlisha. Jedwali limekubali.
Ila risiti haina safu ya kuingia,
na kila nifunguapo daftari
inadondoka sakafuni,
bei ya chai ikitazama juu.