Chupa Namba 118

Saa kumi alfajiri theluji imeziba mlango wa nyuma.
Mama anaziamsha soya zilizolala majini tangu jana,
zimevimba maradufu, zinateleza kama samaki wadogo.
Anasaga, anachemsha, anakamua kwa kitambaa.
Sakata nzima yaijua tofu ya Hatsue.
Siku hizi hubeba ndoo kwa mkono wa kulia tu,
maana kwapa la kushoto bado linavuta
pale daktari alipopita na kisu chake.

Mimi kazi yangu ni mkojo.
Usicheke. Wanawake mia tatu wa pwani hii
hutuletea chupa, na daftari la walichokula:
miso bakuli moja, natto asubuhi,
na mmoja kaandika, "keki, lakini ndogo."

Dakta Kuwabara husema taratibu, kama apimaye dhahabu:
isoflavoni inafanana na homoni ya kike, ila ni dhaifu.
Ni kaimu. Anakalia kiti cha mkubwa,
anapokea simu, barua nyingi hasaini.
Labda ndiyo sababu, kwenye makundi makubwa ya Asia,
waliokula soya tangu utotoni
huonekana kuugua saratani ya titi kwa uchache.
*Huonekana*, anarudia, kidole juu.
Sijasema huzuia.
Na kidonge cha dukani si bakuli la mezani.

Mama aliuliza mara moja tu, amenipa mgongo:
"Basi mimi nilikula kidogo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na takwimu,
na takwimu haina mahali pa kumshika mtu bega.

Majina hatuandikiwi, ni namba tu.
Lakini naujua mwandiko wa mtu aandikaye "tofu"
kama anayesaini hundi.
Mia na kumi na nane.
Wapo bakteria wa utumboni wanaoigeuza soya kuwa ekuoli;
huku kwetu karibu nusu ya watu wanao,
nusu hawana, wala hawakukosa kitu.
Nilitazama skrini. Wengine walikuwa na vilima.
Wake ulikuwa mstari, umelala chali.

Nilivunja sheria ya maabara, nikamwambia jikoni.
Nikaongeza haraka: hata ekuoli yenyewe bado ni dhana,
wanabishana, Mama, hakuna ajuaye kwa hakika.

Alicheka mpaka akajishika kifua, upande uliobaki.
"Miaka hamsini nalisha mtaa,
kumbe tumbo langu halikufungua hata barua moja!"
Mfinyanzi hulia gaeni.
Kisha akanyamaza, akabana jiwe juu ya kisanduku,
maji yakachuruzika.
"Kwa hiyo si kosa langu," alisema.
Haikuwa swali. Nilijibu hata hivyo.

Kesho yake daftari la 118 lilisomeka:
tofu, kipande kimoja.
Pembeni, mahali tulipoacha wazi kwa maoni:
*Imetoka vizuri leo.*