Bei ya Kunong'ona

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Wadi Kabir,
na lami imeshaanza kunuka.
Magari mia, meupe kama kanzu za Idi,
na hili moja, rangi ya chai ya maziwa,
mgongo mrefu, pua fupi,
limekaa pembeni kama mgeni asiyejua pa kuvulia viatu.

"Stesheni wagoni," anasema Hilali, mtu wa Sur.
"Halina makuu. Linakula mafuta kwa kijiko."
Riali elfu moja na mia tisa, kaandika kiooni kwa chaki.
Hiyo tisa ameifuta na kuiandika upya. Nimeona.

Mume wangu yuko kazini Suhar mpaka mwisho wa mwezi,
kwa hiyo shemeji Mundhir kaja na ushauri wake:
"Raiya, gari la chini? Mtaa mzima wa Khoudh
wanapanda magari ya ngazi."

Najua.
Ngazi hizo ndizo zilizomshinda mavyaa
tangu alipobadilishwa nyonga.
Hunyanyuliwa, husukumwa, na akishafika
siku nzima hasemi na mtu.

Hapa alifungua mlango mwenyewe,
akageuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili.
Mundhir alikuwa bado anaongea.

Nina daftari. Nimeandika usiku, baada ya zamu:
viti vitatu vya watoto, safu moja?
Vinaingia, ukiminya cha kati na kusema bismillahi.
Buti? Futi nimeisahau nyumbani,
nimepima kwa kanga: kanga moja na pindo.
Gunia la mchele litalala, na kigari cha bibi cha kutembelea,
na sanduku la barafu la Ijumaa, likisimamishwa.
Chini ya zulia, penye tairi la akiba,
nimekuta kokwa nne za tende
na kiatu cha mwanasesere.
Sikumwambia Hilali kwamba hapo ndipo nilipolipenda.

Kiyoyozi. Nje digrii arubaini na sita.
Nikahesabu kimoyomoyo: mia mbili na kumi
ndipo jasho la nyusi likakauka.
Si haraka. Si haba.

Kisha mlima wa Amirat, na huko hakuna maneno ya dalali.
Injini ilinung'unika kama mwanangu Azzan
akiamshwa aende skuli,
lakini iliamka. Lori la kokoto tulilipita,
na tulipoteremka breki zikanishika mkono.
Mlango wa nyuma, wa kulia, una neno lake:
kila penye bonde, *tiki*.
Nikaandika: tiki.

Mavyaa kimya. Nikadhani kakasirika.
Nikatazama kioo:
kinywa wazi, ushungi umeteleza,
mkono mmoja juu ya kigari chake.
Amelala.
Bi Shawana, ambaye tangu afe mumewe
hajamwamini dereva hata wa kufumba jicho,
amelala, nami ndiye ninayeendesha.

Tuliporudi sokoni Hilali alifungua mdomo ataje bei,
nikamwekea kidole.
Basi tukanong'ona.
"Elfu na mia nane na hamsini."
"Elfu na mia sita."
"Dada, utaniua."
"Usife kwa kelele."
Na mtu akinong'ona hana pa kupigia kiapo,
hawezi kurusha mikono wala kuita mashahidi;
inabaki bei tupu, uchi wake.
Mundhir alitaka kusaidia. Nikamkanyaga mguu.

Elfu moja mia saba na ishirini,
na yule tiki ni wetu.

Mundhir akafungua mlango wa nyuma, polepole,
ampe bibi habari. *Tiki.*
Mavyaa akafumbua jicho moja.
"Tumefika?"
"Bado, mama. Tunalipa."
"Basi fungeni mlango. Ubaridi unatoka."