Niwekee Simu Karibu

Saa nane za usiku, maegesho ya hospitali, mji wa Havre.
Theluji imekauka hadi inalia chini ya buti
kama wanga ukifinywa.
Hita imezimika tena.
Kibanda chetu kimepakatwa na pikapu ya mwaka sabini na nane,
kinatetemeka kila lori la ngano linapopita,
nami ndani yake, soksi tatu, kofia mbili,
mzee mzima nimeshika bisibisi kama kijiko.

Miaka arobaini na mmoja kazi yangu ilikuwa tochi.
Delphine alilala kifudifudi, mkono umezama hadi kwapani,
nami nikamulika, nikakosea, nikakaripiwa:
"Hapo, Orrin. Si usoni kwangu. Hapo."
Sasa yuko ghorofa ya tatu, dirisha la nne kutoka kushoto,
ana mrija puani,
na mikono iliyobaki huku chini ni yangu.

Nikampigia. Sikutaka kumwamsha; nilitaka kumwamsha.
"Inafanya nini?"
Haiwaki.
"Sikuuliza isichofanya."

Feni inavuma, nikasema. Inavuma, inavuma,
halafu inanyamaza kama mtu aliyesahau alichojia jikoni.
"Cheche?" Hakuna.
"Harufu ya gesi?" Hakuna.
"Washa jiko." Nikawasha. Ndimi fupi za samawati zikasimama wima.
"Basi mtungi hauna kosa. Betri?"
Kumi na mbili na nukta nne.
"Feni ikizunguka, Orrin."
Na nukta moja.
"Yatosha. Niwekee simu karibu."

Nikapiga magoti, simu nikaielekeza kwenye tumbo la hita
kama mzazi anayempa daktari kifua cha mtoto.
Ghorofa ya tatu ikasikiliza.
Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye mrija
na upepo ukipita kwenye bati,
na kwa kitambo sikujua upi ni upi.

"Hakijalia," akasema.
Nini?
"Kibati. Nyuma ya feni pana kibati, chepesi kama ukucha.
Upepo ukikiinua kinagusa swichi, tik,
ndipo cheche inapewa ruhusa. Kuna kitu kimekikalia.
Zima kwanza. Chomoa waya mwekundu. Skrubu nne;
ya chini kulia kichwa kimelika. Usiilazimishe. Iombe."

Nikaiomba. Nikaitukana. Nikaiomba tena.
Vidole vilikuwa vya mtu mwingine.
Skrubu moja ikaangukia kusikojulikana;
niliipata asubuhi, ndani ya kiatu.

Na pale, kwenye bawaba ya kibati,
kifundo cha manyoya,
kahawia na meupe.
Moxie.
Tulimzika mwaka juzi theluji ilipoyeyuka, nyuma ya uzio,
tukafua blanketi, bakuli tukampa jirani,
tukadhani tumemaliza.

"Umeona nini?"
Vumbi, nikasema.
Akanyamaza.
"Vumbi la rangi gani?"
Rangi mbili.

Hakuna aliyekata simu, hakuna aliyesema.
Mahali fulani kule juu mashine ililia mara moja, ikaachwa.

Nikafuta kibati kwa pindo la shati.
Nikarudisha skrubu tatu, nikachomeka waya, nikageuza kitufe.
Feni. Nikahesabu kwa sauti ili naye ahesabu:
kumi na tatu, kumi na nne,
tik.
Cheche, kavu, ta-ta-ta,
kisha ule mguno wa chini,
fuuu,
wa gesi iliyokubali.

"Hiyo," akasema, usingizi umeshamshika nusu.
"Dirisha liache wazi upana wa kidole.
Sitaki kutoka humu kuja kukuzika."

Nikaliacha wazi upana wa kidole.
Baridi ikapenyeza ulimi wake, ikakuta joto, ikajizoea.
Manyoya nimeyatia mfuko wa shati,
pamoja na risiti ya maegesho.
Sijui nayaweka ya nini.
Kesho ataniuliza, na tochi nimeiacha inawaka.