Sufu Nyekundu

Deolinda Fazendeiro aliingia na mvua ya Novemba mabegani,
akafunga mwavuli, akauliza kabla hajaketi:
"Kile kisichoonekana, unacho?"
Nikajibu ninacho. Akataka niseme tena, nikiwa nimemgeukia.

Miaka thelathini na minne alifuma sufu
katika kiwanda cha chini ya daraja, hapa Covilhã,
mitambo sitini ikigonga ndani ya chumba kimoja.
Wengine hutia pamba masikioni kwa kiburi.
Wao walitia sufu, mabaki ya sakafuni,
na bado kelele iliwala kidogo kidogo:
ilianza na ndege,
ikaja kwenye herufi nyembamba, s na f,
ikamalizia kwa wajukuu.

Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.
Mimi ndiye muuza dawa yenyewe, na sikubali.
Nilimtia kisponji chenye uzi, kisha utomvu wa waridi, baridi,
nikamwambia asitafune, asicheke, dakika nne.
Alicheka dakika ya pili. Tukaanza upya.
Utomvu ulipoganda nikauvuta, nikamwonyesha
njia ya sikio lake: inapinda mara mbili
kama barabara ya mlimani kabla ya kufika kwenye theluji.
"Kitalala hapa, baada ya kona ya pili,
kidogo kuliko harage. Mumeo hatakiona."
"Mume wangu yuko kaburini," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Betri ya siku tano.
Nta ni adui yake, kisugue kila usiku kwa brashi.
Maji usikionjeshe.
Na huu uzi wa nailoni, mfupi, ni wa kukivutia nje.
Akauviringisha kati ya vidole viwili.
"Uzi huu," akasema, "msimamizi wetu angeukataa."

Alirudi wiki ya tatu. Nilidhani kinapiga mluzi.
"Hakipigi. Nasikia friji. Nasikia magoti yangu.
Nasikia padri akimeza mate kwenye kipaza sauti.
Shida si kusikia."
Akatazama dirishani, akitafuta pa kuanzia.

"Nilipokuwa kiziwi wa wazi
mtu alinigusa mkono kwanza, ndipo aseme.
Mjukuu wangu Tomé alipiga magoti mbele ya kiti
akinifinyangia kila neno mdomoni.
Sasa anaongea nami akiwa jikoni,
mgongo nje, kichwa ndani ya kabati.
Napata nusu. Nikisema sijasikia, wananuna:
si umepona?
Wewe ulificha kifaa. Ukanificha na mimi."

Sikuwa na jibu. Katika kijitabu chetu
neno siri limechapwa mara tisa,
na kila mara pembeni yake kuna mtu anatabasamu.
Nikataja vile vya kuvaa nyuma ya sikio.
Akatikisa kichwa: hiki kimeshanizoea.

Akafungua mkoba, akatoa sufu nyekundu,
kipande cha urefu wa kidole,
akakifunga kwenye ule uzi wa nailoni
kwa fundo nisilolijua, kwa kucha na meno,
akarudisha kifaa sikioni mwenyewe.
Sufu ikaning'inia hadi kwenye taya
kama kazi iliyoachwa mtamboni saa ya chakula.
"Watauliza hiki ni nini. Nitawaambia: njoo mbele."

Akilipia betri alinieleza jambo jingine,
kwamba mle kiwandani hakuna aliyepaza sauti.
Waliongea kwa midomo, mtambo hadi mtambo,
ugomvi, uchumba, bei ya samaki wa chumvi,
na msiba wa mtoto wa Albertina
ulivuka ukumbi mzima bila kutoa hata mnong'ono.

Kisha akatoka. Ng'ambo ya barabara akageuka,
akanitazama kupitia kioo na mvua,
akasema kitu, taratibu, kwa midomo mitupu.
Mimi mwenye masikio mazima
nilisimama na brashi ya nta mkononi,
nikamwomba kwa ishara arudie.