Pishi ya Jana

Yakhe Kombo, usinijibu kwanza.
Nakuandikia toka Konde, ghala la ushirika,
saa nne za usiku, umeme umerudi sasa hivi
na feni inajizungusha kivivu, kama mtu aliyeamshwa.

Jioni alikuja Bi Mize Hamad,
vidole vyeusi kwa utomvu wa karafuu mbichi,
risiti mbili kazifunga pembeni mwa kanga.
Kaziweka mezani, ya Jumatano na ya leo.
Pishi nane, na pishi nane. Pesa mbalimbali.
"Mwanangu, mikono ni hii hii, pakacha ni hili hili.
Kwa nini pishi yangu ya jana
si pishi yangu ya leo?"

Nikafungua daftari la mabadiliko.
Toleo la tatu nukta mbili: "Tumerekebisha mambo madogo madogo."
Hayo maneno yako, Kombo.
Mambo gani? Madogo kwa nani?
Toleo la tatu nukta tatu: pana tarehe,
chini yake peupe,
jamvi lililokung'utwa.

Nikakulaumu. Nikasema, ni yule yule wa Chake,
mwenye haraka ya kuunganisha tawi kabla mpira haujaanza.
Nikampigia Shaame, naye akaongeza lake:
kwamba unaandika programu
kama mtu achumaye karafuu kwa kuvunja matawi,
leo pakacha limejaa, mwakani mti umenuna.
Tukacheka. Mungu atusamehe.

Kisha nikakaa kupekua,
mistari elfu na mia nane, mmoja mmoja,
kama watoto wanavyochambua barazani,
karafuu huku, konyo kule,
mpaka vidole vikafa ganzi na chai ikaota ngozi.

Saa tatu nikaipata.
Mstari mmoja. Hesabu iliyokuwa ikipanda kwenda mia ya juu
ikawa inashuka kwenda mia ya chini.
Alama moja tu,
na shilingi mia ya kila pishi ikidondoka pasi na kishindo.
Pembeni, jina la aliyegusa.
Si lako.

Ni langu, Kombo.
Usiku wa kuamkia leo, saa saba na robo,
mtoto ana homa begani, mkono mmoja kwenye kibodi,
nikajisemea: kesho ntaandika.
Kesho ikaja na mambo yake.

Unaujua ukuta wa duka la Asaa, pale njia panda?
Aliandikisha kwa rangi ya buluu, zamani,
mali bila daftari hupotea bila habari.
Mvua zimeula upande mmoja.
Imebaki "Mali bila daftari", basi.
Nusu ya pili imepotea
kama yenyewe ilivyosema.
Napita pale kila siku na baiskeli, sikuwahi kusimama.

Nilidhani tunaandikiana sisi kwa sisi:
mimi, wewe, Shaame,
na yule kijana wa Mkoani anayeanza mwezi ujao.
Bi Mize hajui kama tuna toleo.
Lakini daftari lililokamilika leo alikuwa nalo yeye,
karatasi mbili zenye jasho na harufu ya karafuu,
tarehe zipo, hakuna lililorukwa.

Sasa nimeandika. Soma kabla sijaunganisha:

Toleo la tatu nukta nne. Konde, Alhamisi usiku.
Kilichorekebishwa: pishi haipunjwi tena.
Aliyeharibu: Raya Mbarouk.
Aliyegundua: Mize Hamad, mchumaji.
Wanaodai: watu arubaini na mmoja, majina yapo chini.
Walipwe kesho, kabla ya sala ya Ijumaa.

Na lile la tatu nukta mbili, yakhe,
lile la mambo madogo madogo,
sikuligusa.
Nimekuachia nafasi ya mistari mitatu.