Ukoga

Nilidhani ni mswaki. Nikanunua laini.
Bado kila hamri nililouma lilirudi na doa jekundu,
na Mwanakombo akaanza kunisikiliza
akinipa shavu.

Leo Makadara, juu ya duka la vitambaa,
Daktari Zamzam kanilaza chali. "Achama. Zaidi."
Chombo chake chalia kama nyenje,
maji yanichuruzika hadi sikioni,
kisha kigae chaanguka bakulini: ti!

"Hili lina miaka kumi na minne," asema.
Tambuu, popoo, katu, chokaa,
vimeganda vikawa jiwe,
nami nikiwachekea watu nalo.

"Lakini hayakuuma," najitetea, pamba mdomoni.
"Fizi hazipigi kelele. Huhama
kama mpangaji mwenye deni, usiku, kidogo kidogo,
mpaka jino libaki peke yake chumbani.
Kushoto bado. Rudi Alhamisi."

Nateremka ngazi, ulimi ukipapasa
mianya nisiyoijua. Upepo wapita. Meno yaona baridi.

Pale pembeni Shebwana ameshaikunja yangu,
kaibana kwa karafuu, hata hakuniuliza.
Nikamlipa.
Nikamwachia mkononi.