Sekunde ya Arobaini na Nane

Dakika mbili na sekunde kumi na moja:
huo ndio urefu wa ujana wetu,
ukiondoa mkwaruzo wa sindano mwanzoni.

Sestao, mwaka themanini na tano.
Tanuru za chuma zilikuwa zinazimwa moja moja
kama taa za nyumba ya mtu anayehama.
Baba yake Koldo walimrudisha nyumbani
na saa ya mkononi na barua ya asante.
Bendi tukaiita Kutu. Jina lingine lingetoka wapi?
Koldo kwenye ngoma, Ibon gitaa,
mimi Nekane na besi ya nyuzi tatu;
hela ya uzi wa nne tulinunulia mkate na soseji.

Santuri ndogo, nakala mia tatu.
Upande wa kwanza, "Hatutaki Sabuni":
kikulacho ki nguoni mwako,
nasi nguo tulikataa kufua.
Upande wa pili kiwanda kilikosea,
kikatutilia kwaya ya masista.
Kuna mtu Bilbao anayeapa hadi leo
kwamba huo ndio wimbo wetu bora.

Video alipiga Eladio, wa harusi,
mwenye kamera pekee mtaa mzima.
Tulimwambia: tupige kama wahalifu.
Akaitikia, akatupiga kama maharusi.
Akasogea polepole hadi kwenye kope za Ibon,
akatua juu ya pini niliyojichoma shavuni
kwa upole, kana kwamba ni pete,
na mwisho, tukivunja kiti, akatufifisha
ndani ya ua la waridi.
Tulimtukana. Alitutoza nusu ya bei.

Tulisimama nyuma ya jengo letu,
chini ya kamba za nguo, maana umeme
tuliuvuta kupitia dirisha la jikoni kwetu.
Napayuka sitaki: sitaki kanisa,
sitaki jeshi, sitaki kiwanda
(kiwanda nacho hakikunitaka),
mate yanaruka, mishipa imenitoka shingoni,
na hapo, sekunde ya arobaini na nane,
anapita mama na beseni.

Visitación. Aproni ya samawati, ndara za sufi.
Anaikata picha kutoka kushoto kwenda kulia
kama mwenye nyumba.
Anaanua shuka juu ya kichwa cha Koldo,
anageuka, ananitazama mimi, si kamera,
anasema kitu.
Maneno manne, labda matano.
Sekunde ya hamsini na tatu hayupo.

Tulitaka kumkata. Eladio akagoma:
mama wa bibi harusi, akasema, hakatwi.

Sasa nimempita umri.
Picha zake zipo, za kitambulisho, za ubatizo,
zote zimesimama wima, zimebana midomo.
Inayotembea ni hii moja.
Usiku napunguza sauti ili nimsikie.
Napunguza gitaa, napunguza ngoma,
napunguza yule binti anayebweka,
hadi kimya,
na chini ya kimya hamna kitu.
Kamera ya Eladio haikunasa sauti siku ile;
wimbo ulibandikwa baadaye, kama stempu.

Basi nasoma midomo.
Mwaka jana nilidhani ni: njoo ule, chakula kinapoa.
Dada yangu anasema: shuka zangu, washenzi nyie.
Juzi nikampigia Koldo, aliyekuwa karibu kuliko wote,
ambaye amebakiwa na sikio moja.
Akanyamaza kitambo. Nikasikia anavuta sigara.
"Alikwambia," akasema, "besi yako haisikiki."

Nimerudisha mwanzo.
Sekunde ya arobaini na nane. Beseni. Aproni.
Nimefungulia sauti yote, majirani wanagonga ukuta,
nimetega sikio kwenye spika kama daktari.

Ni kweli.
Haisikiki.